Mwanafunzi kahutubia vizuri, mbona hakuna aliyenunua?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Wafanyabiashara wakajibu kwamba biashara ni matangazo. Somo la hotuba za mauzo limekwama katikati ya kauli hizo mbili. Mwalimu anayeamini ya kwanza huona aibu kidogo kumfundisha mtoto wa watu kupiga debe. Anayeamini ya pili hufundisha kupiga debe tu: sauti juu, mikono hewani, tabasamu lisiloshuka. Ajabu ni kwamba matokeo yao hufanana. Mwanafunzi anasimama, anazungumza dakika 5 bila kukwama, anapigiwa makofi, anapata alama nzuri. Waulize sasa waliomsikiliza ni nani angetoa pesa yake mfukoni. Hakuna mkono unaoinuka.

Tatizo linaanzia kwa msikilizaji. Darasani msikilizaji wa hotuba ya mauzo ni wa kuigiza. Hana pesa ya kutoa, hana shida inayomsumbua, na hana ruhusa ya kusema "sitaki" akanyanyuka akaenda zake. Mwanafunzi si mjinga. Anatambua mapema kwamba mteja pekee wa kweli chumbani ni mwalimu aliyeshika karatasi ya alama, na kwamba mteja huyo ananunua ufasaha. Basi anamuuzia ufasaha. Bidhaa aliyokuja nayo inabaki kisingizio cha kusimama mbele ya watu.

Kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ya mwalimu ni kumrudisha darasani msikilizaji wa kweli, mwenye haja yake na mashaka yake, kabla hajagusa sauti, mikono wala slaidi. Kanuni zinazofundishwa vyuoni miaka nenda miaka rudi huanza kuleta maana pale tu msikilizaji huyo anapokuwepo.

Kuuliza kabla ya kusema

Muuzaji anayekaa na mteja ana kwa ana ana nafasi ambayo mhutubu hana: anaweza kuuliza. Mtafiti Mwingereza Neil Rackham na timu yake walifuatilia mazungumzo ya mauzo zaidi ya 35,000, na mwaka 1988 akachapisha matokeo yaliyowatikisa wakufunzi wengi wa mauzo. Zile mbinu za kumbana mteja ili biashara ifungwe haraka, ambazo huweza kufaa kwenye vitu vidogo vya bei nafuu, kwenye mauzo makubwa zilikuwa zinawafukuza wateja. Waliofanikiwa walikuwa waulizaji. Maswali yao yalikuwa na mwendo wake: hali yako ikoje, shida iko wapi, shida hiyo inakuletea hasara gani nyingine, na ikiondoka utanufaikaje. Ukifika swali la nne, mteja mwenyewe ndiye anayetaja thamani ya kitu, na mtu huwa habishani na maneno yaliyotoka kinywani mwake.

Hotuba haina nafasi hiyo. Mmoja anasema, 40 wananyamaza. Maswali, basi, inabidi yatangulie: yaulizwe siku kadhaa kabla, na hotuba ijengwe juu ya majibu yake. Kwa hiyo zoezi la kwanza la somo hili halihusu kabisa kusimama mbele ya watu. Mwanafunzi anapewa bidhaa na kutumwa kwa watu watatu au wanne ambao kweli wanaweza kuihitaji, kwa sharti moja gumu: haruhusiwi kuisifia. Anauliza, anasikiliza, anaandika maneno yao kama walivyoyasema. Sharti hilo huwashinda wengi mapema sana. Mtu akisema "begi langu linavuja," mdomo unaruka wenyewe: "Basi hili hapa halivuji!" Mazungumzo yanafia hapo, kabla hajajua linavujia wapi, vililowa vitu gani, na mwenye begi alifanyaje.

Jambo hili si geni. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, anakumbukwa kwa nguzo tatu za ushawishi: tabia ya msemaji inayomfanya aaminike, hisia za wasikilizaji, na hoja zenyewe. Kinachosahaulika ni kwamba katika maandishi hayohayo alitenga sehemu kubwa kuwaeleza wasikilizaji wenyewe: vijana hutamani nini na huudhika upesi kwa nini, wazee wana hofu gani, matajiri hujionaje. Wanafunzi hukariri nguzo tatu kwa ajili ya mtihani na kuziruka zile kurasa nyingine, ambazo kwa muuzaji ndizo zenye kazi.

Begi lenye mifuko 6

Tuchukue mfano mmoja tuukague kwa karibu. Mwanafunzi amepewa kuuza begi la mgongoni lisilopitisha maji. Rasimu yake ya kwanza inakwenda hivi:

"Habari zenu wote. Leo nitazungumzia begi la kisasa. Begi hili limetengenezwa kwa kitambaa imara, lina mifuko 6, zipu mbili ngumu, mikanda yenye sponji, na linapatikana kwa rangi nne. Ni begi bora, la kipekee, na kila mtu anapaswa kuwa nalo."

Hakuna uongo hapo. Hakuna mtu pia. Kila sentensi inalihusu begi. Hata moja haimhusu anayelibeba. "Bora" na "la kipekee" ni maneno yaliyochoka kiasi kwamba sikio halisimami kuyasikiliza. Na "kila mtu" ndiye mteja mbaya kuliko wote, kwa sababu hakuna anayeitika akiitwa kwa jina hilo.

Walimu wengi wana dawa ya ugonjwa huu, nayo ni nzuri: kila sifa ifuatwe na swali "inanisaidia nini?" Mifuko 6 inanisaidia nini? Simu na funguo hazichanganyiki na madaftari. Na hilo linanisaidia nini? Ukitaka kitu kimoja humwagi vyote nje. Ni hatua ileile aliyoipiga Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alipozindua iPod, kifaa kidogo cha kusikilizia muziki, mnamo Oktoba 2001. Kifaa kilikuwa na diski ya gigabaiti 5, na alilitaja hilo, lakini kilichobaki midomoni mwa watu ni nyimbo 1,000 mfukoni. Gigabaiti ni habari za mashine. Mfuko ni wa mtu.

Lakini dawa hiyo ina mpaka wake. Mwanafunzi akijiuliza peke yake chumbani "inanisaidia nini," anajijibu kwa kubuni. Aliyekwishatoka kwenda kuuliza hana haja ya kubuni. Tuseme wale wanne aliozungumza nao hawakusema lolote kuhusu mifuko, na wawili wakamwambia habari za madaftari kulowa. Rasimu yake ya pili inaanza hivi:

"Mwenzetu mmoja aliandika kazi ya wiki mbili kwa mkono. Siku ya kuikabidhi, mvua ikanyesha. Alipofungua begi, wino wa ukurasa wa kwanza ulikuwa umehamia wa pili. Nilimuuliza kama begi lilikuwa la zamani. Akasema hapana, jipya kabisa. Maji yalipita kwenye zipu. Hebu angalieni zipu za mabegi yenu."

Kisha anamimina glasi nzima ya maji juu ya begi analouza, anafungua, anatoa karatasi kavu. Mifuko 6 haikutajwa. Rangi nne zinamsubiri atakayeziulizia. Angalia pia kilichofanyika katika sentensi ya mwisho: wasikilizaji wameinama kukagua mali yao wenyewe, na baadhi yao wameona mshono usio na kinga. Haja imehama kutoka kwa "mwenzetu mmoja" ikawa yao, na bidhaa bado haijasifiwa kwa neno hata moja.

Kumshawishi mwanafunzi aiache ile mifuko 6 ni kazi kuliko inavyoonekana. Ameisoma bidhaa kwa siku nyingi na kila kipengele chake kimekuwa na uzito kwake. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, akifanya utafiti wake wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliwapa watu kazi ya kugonga meza kwa mapigo ya nyimbo zinazojulikana, huku wengine wakibahatisha ni wimbo gani. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Ziligongwa nyimbo 120, zikatambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani, ala na waimbaji wake. Aliye upande wa pili anasikia ko, ko, ko. Kuwafanyisha wanafunzi jaribio hilo huchukua dakika 10, na baada ya hapo ukimwambia mtu "hapa unagonga meza" hakuna maelezo zaidi yanayohitajika.

Hatua tano za Monroe

Kwa miongo mingi walimu wa hotuba wameegemea mpangilio wa Alan H. Monroe, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na aliyeutunga katika miaka ya 1930. Kwanza mfanye mtu akusikilize. Mwonyeshe haja. Mpe kinachoitosheleza haja hiyo. Mfanye aone kwa macho ya akili mambo yatakavyokuwa akiwa nacho, au asipokuwa nacho. Kisha mwambie afanye nini. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba unafuata njia ambayo akili ya mtu hupita inapoamua. Ubaya wake ni kwamba unageuka fomu kirahisi mno. Mwanafunzi akishaona nafasi tano, anazijaza zote kwa sentensi nne nne na kuona kazi imekwisha.

Hatua hizo hazina uzito sawa. Ya kwanza hutukuzwa kupita kiasi, na siku hizi imejaa "Je, umewahi kujiuliza...?" ambayo jibu lake la kweli huwa ni hapana. Ya pili ndiyo inayobeba mzigo, na ndiyo wanafunzi huikimbia, kwa sababu wana hamu ya kuifikia bidhaa. Kuna njia rahisi ya kuikagua. Msimamishe msemaji sekunde chache kabla hajaitaja bidhaa, uwaulize wasikilizaji: mtu huyu anazungumzia shida gani, na inamgharimu nani? Wakiangaliana, haja haijaonyeshwa, na hakuna maelezo ya bidhaa yatakayoziba pengo hilo.

Hatua ya tano huharibika kwa adabu. "Huo ndio mwisho wa hotuba yangu, asanteni kwa kunisikiliza." Hotuba imejengwa vizuri, watu wameanza kutaka, halafu hawaambiwi wafanye nini. Mara nyingi sababu ni kwamba kijana aliyelelewa vizuri anaona haya kuomba. Msaidie kwa kulipunguza ombi: liwe moja, liwe dogo, liwezekane sasa hivi. "Anayetaka kulijaribu begi hili mpaka Ijumaa aandike jina kwenye karatasi hii." Baada ya hapo anyamaze. Kunyamaza huko kunahitaji mazoezi ya peke yake, maana ukimya wa sekunde tatu humfanya mwanafunzi aanze kucheka, kuongeza mzaha, au kutoa punguzo ambalo hakuna aliyeliomba.

Pingamizi alitaje muuzaji mwenyewe

Wanafunzi wengi huamini kwamba kutaja udhaifu wa bidhaa ni kujichongea. Swali hili lilichunguzwa mapema. Mwaka 1945, Marekani ikiwa bado vitani na Japani, mwanasaikolojia Carl Hovland na wenzake waliwasikilizisha askari hoja kwamba vita vingeendelea kwa muda mrefu. Kundi moja lilisikia hoja za upande mmoja tu. Jingine lilisikia pia hoja za upande wa pili. Waliokuwa tayari wanakubaliana na ujumbe walivutwa zaidi na upande mmoja. Waliokuwa na maoni tofauti, na wale waliosoma zaidi, walivutwa na ujumbe uliokiri pande zote mbili.

Kwa muuzaji hiyo ni habari kubwa, kwa sababu anayekubaliana naye tayari hahitaji hotuba. Hotuba ni ya mwenye shaka, na shaka isipotajwa haiondoki. Inakaa kichwani mwa msikilizaji na kuzungumza kwa sauti kubwa kuliko msemaji. Kwa begi letu shaka iko wazi: "nina begi tayari." Mwanafunzi anaweza kulisema mwenyewe: "Wengi wenu mna mabegi, na ni mazima. Kama unasafiri kwa gari kutoka mlangoni hadi mlangoni, baki nalo. Ninaongea na anayetembea." Amepoteza wateja ambao asingewapata, na waliobaki sasa wanamwamini. Ila pingamizi likishatajwa ni lazima lijibiwe. Kulitaja na kuliacha likining'inia ni kumsaidia mshindani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Elisha Otis. Majukwaa ya kupandishia mizigo yalikuwepo katikati ya karne ya 19, na kila mtu alijua kinachotokea kamba ikikatika. Mwaka 1854, katika ukumbi wa maonyesho jijini New York, Otis alisimama juu ya jukwaa, likapandishwa juu mbele ya umati, kisha akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo, likanasa kwenye breki alizobuni. Hakuhubiri kasi, wala uzito linaobeba, wala ubora wa chuma chake. Alichukua hofu moja iliyowazuia watu na kuifanya ndiyo maonyesho yote. Mwaka 1857 lifti yake ya abiria ilianza kazi katika duka moja kubwa la jiji hilo. Ukimwonyesha mwanafunzi kisa hiki, mwulize kamba ya bidhaa yake ni ipi, na kama ana ujasiri wa kuikata mbele za watu.

Sauti, macho na ile asilimia 93

Karibu kila semina ya hotuba ina mtu wa kukwambia kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti 38, na mwili 55. Tarakimu hizo zinatokana na kazi za mwanasaikolojia Albert Mehrabian za mwaka 1967, na hazikuhusu hotuba kabisa. Majaribio yalitumia neno mojamoja na picha za nyuso, yakichunguza jinsi watu wanavyotambua kama mtu anapendezwa au hapendezwi pale neno, sauti na uso vinapopingana. Mehrabian mwenyewe ameonya kwamba hazihusu mawasiliano kwa ujumla. Kama asilimia 93 ya ujumbe ingekuwa nje ya maneno, tungeelewa hotuba za lugha tusizozijua. Madhara ya dhana hii ni ya kweli: mwanafunzi anatumia wiki nzima mbele ya kioo akipanga mikono, na dakika 20 akiandika.

Sauti na mwili vina kazi yao, lakini hufuata. Anayesimulia daftari lililolowa, ambalo mwenye nalo alimwonyesha, huwa tayari anawatazama watu. Anayekariri mifuko 6 hutazama dari, kwa sababu huko ndiko anakoisoma.

Hofu ni suala jingine, na hapa kuna utafiti wenye faida ya moja kwa moja. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba msemaji hudhani woga wake unaonekana kuliko unavyoonekana kweli. Wakaongeza jambo: baadhi ya wasemaji waliambiwa ukweli huo kabla ya kuanza. Hao walihutubia vizuri zaidi, kwa macho yao wenyewe na kwa macho ya waliowatazama. Maelezo hayo ni ya nusu dakika. Sioni sababu ya mwalimu yeyote kuyaacha.

Kushawishi na kulaghai

Swali la maadili huwa linasukumwa kwenye kipindi cha mwisho, wakati lilipaswa kuwa ndani ya kila rasimu. Mwanasaikolojia Robert Cialdini, katika maandishi yake ya mwaka 1984, alitaja misukumo sita inayotufanya tukubali: kurudisha fadhila, kushikilia tulichokwisha kukubali, kufuata wanachofanya wengine, kutii wenye mamlaka, kumkubali tunayempenda, na kukimbilia kinachoadimika. Wanafunzi huipokea orodha hii kama funguo za nyumba za watu. Afadhali waipokee kama madai yanayohitaji ushahidi. "Yamebaki mabegi matatu" ni taarifa muhimu kama yamebaki matatu; kama stoo imejaa, ni uongo, hata ukisemwa kwa tabasamu. Kipimo ninachokiona kinatosha darasani ni hiki: je, kuna jambo unalolijua, ambalo mnunuzi akilijua kesho atajuta? Kama lipo, liingie kwenye hotuba.

Sheria zenyewe zinatambua kwamba joto la ushawishi hupoa. Katika Umoja wa Ulaya, anayenunua kwa mbali au nje ya duka la muuzaji kwa kawaida ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Mwalimu anaweza kuiga hilo bila gharama. Mwisho wa hotuba, wasikilizaji waandike kwa siri kama wangenunua na kwa nini. Waulizwe tena baada ya wiki. Alama zitegemee zaidi jibu la pili, pamoja na maelezo ya watu aliozungumza nao mwanafunzi kabla ya kuandika, na ufasaha upewe sehemu ndogo. Waliobadili mawazo wataje sababu, na karatasi zao zirudi kwa msemaji. Mara nyingi zitataja pingamizi ambalo hakulijibu au ombi ambalo hakulieleza vizuri. Hotuba yake inayofuata iwe ya bidhaa ileile, kwa watu walewale, na iwe fupi kuliko ya kwanza.